Kanzu Ndogo ya Samweli

Katika mahubiri juu ya wito tunapenda sana kumtaja Hana, mama yake Samweli. Alimwomba Mungu mtoto, akampata, na alipomwachisha kunyonya akampeleka hekaluni kwa mzee Eli, akamwacha kule. Mara ngapi tumesikia habari hiyo siku ya kuingia watoto wapya katika seminari ndogo, wazazi wamesimama nyuma ya kanisa na mafurushi yao! Lakini mhubiri karibu siku zote anakomea hapo. Hafiki mpaka pale Kitabu kinapoeleza, kwa maneno machache tu, kwamba mama yule alikuwa akimshonea mwanawe kanzu ndogo mwaka kwa mwaka, na kumpelekea wakati wa kwenda kutoa sadaka. Kila mwaka kanzu mpya, maana mtoto alikuwa anakua, na mama alipaswa kukisia urefu wake bila kumwona.

Tumeanza na kanzu hiyo sababu tunataka kusema juu ya maandiko ya watu waliolelewa mbali na mama zao, ndani ya nyumba za misioni, na juu ya swali hili: wanapona namna gani, kama wanapona? Tutakaa zaidi na kitabu kimoja cha mtu wa kwetu, V. Y. Mudimbe. Tutagusa hadithi yake moja inayotokea hapa hapa Kolwezi. Halafu tutasoma hukumu moja ya tribinali ya Bruxelles, ambayo si kitabu, lakini imetufundisha kukisoma kitabu kile kwa macho mengine.

Mudimbe alizaliwa Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, tarehe 8 Desemba 1941. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière. Nyumbani na mitaani mtoto alisikia Kisongye, Kiluba, Kisanga na Kiswahili, kama watoto wengi wa kambi. Alipokuwa na miaka kumi hivi aliingia kwa Wabenedikto, kwanza Kakanda, halafu Mwera. Alipokuwa kijana akavaa nguo ya wamonaki kule Gihindamuyaga, Rwanda. Baada ya muda mfupi akaivua. Akawa profesa Lubumbashi, na serikali ya Mobutu ilipomtaka aingie katika Komite Santrali ya chama chake, akaondoka nchini, akafundisha Marekani mpaka uzee. Alifariki kule mwezi wa Aprili 2025, katika siku zile zile Papa Fransisko alipofariki, na kwa hiyo wengi wetu hatukusikia habari ya kifo chake. Leo ukitaja Kakanda, watu wanafikiri migodi ya shaba na kobalti. Wachache wanajua kwamba mmoja wa wenye akili kubwa sana wa Afrika nzima alijifunzia kule vitenzi vya Kilatini.

Kitabu chenyewe kinaitwa Les corps glorieux des mots et des êtres. Kilitoka mwaka 1994, Montréal na Paris pamoja. Mwandishi alikuwa amepita miaka hamsini, akageuka nyuma kutazama maisha yake. Katekista yeyote anaelewa nusu ya jina lile: miili ya utukufu ni miili ya wafu waliofufuka, kama Mtakatifu Paulo anavyofundisha alipowaandikia Wakorinto habari ya mbegu inayokufa udongoni. Mudimbe analichukua neno la katekisimu analitumia kwa maneno na kwa vitu vyote vilivyo. Na chini ya jina kubwa ameweka jina dogo: mchoro wa bustani ya Kiafrika kwa namna ya Wabenedikto.

Tulikisoma jioni kadhaa, waseminari wachache na makatekista wawili wazee, tukigeuza Kifransa kuwa Kiswahili njiani, ukurasa kwa ukurasa, na kuruka mahali pasipogeuzika. Ni kazi ya jasho. Mudimbe haandiki kwa kumhurumia msomaji. Anamtaja mwanafilosofia mmoja na kabla hujapumua analeta wengine watatu. Kuna kurasa ambazo, tuseme kweli, hatukuzielewa, na hatuoni haya kukiri.

Tulikwama kwanza katika neno la bustani. Kiswahili chetu kina maneno mawili, bustani na shamba, na hayalingani. Mmoja wa wale wazee wawili, ambaye alilelewa katika misioni moja ya zamani tusiyotaka kuitaja, alitusimamisha pale pale. “Bustani ilikuwa ya Padri,” akasema. “Sisi tulilima shamba.” Bustani ilikuwa na maua na saladi na njia zilizonyooka, ilikuwa mbele ya nyumba, na wageni waliisifu. Shamba lilikuwa nyuma, la mihogo na mahindi, na ndilo lililowalisha watoto wote wa internati. Neno moja la Kifransa linaweza kuwafunika wote wawili, mwenye kutembea jioni na breviari yake, na mwenye jembe. Tulipolazimika kuchagua neno, tukaona kwamba mwandishi naye amechagua: anaikumbuka nyumba ile zaidi kama bustani.

Hatumlaumu kwa hilo. Ni haki yake, na pengine ndiyo ukweli wake. Tunapenda katika kitabu hiki kwamba mwandishi haandiki kama mshitaki, wala kama mtoto wa sifa anayewashukuru wazazi wa roho siku ya yubile. Anakubali kwamba nyumba ya Wabenedikto ilimfanya: saa zake, upendo wake wa kazi, ukimya wake, hata namna yake ya kutoamini alipoacha kuamini. Amri ya Mtakatifu Benedikto, sala na kazi, ilibaki ndani yake baada ya nguo kuvuliwa. Na wakati huo huo anajua vizuri kwamba nyumba ile ilijengwa ili mtoto akitoka asiwe tena yule aliyeingia. Katika kitabu kingine cha mwaka ule ule, The Idea of Africa, ana sura nzima juu ya namna misioni ilivyogeuza nchi, saa na kumbukumbu za watu, ili kumbukumbu mpya ichukue mahali pa ile ya zamani. Pale anaandika kama daktari anayepasua maiti. Katika Les corps glorieux maiti ni yeye mwenyewe, na bado mkono hautetemeki.

Hapo ndipo shaka yetu inapoanza. Mkono ungetetemeka kidogo. Mtoto wa miaka kumi aliyetoka kambi ya Union Minière, mwenye lugha nne mdomoni, anaingia katika nyumba ambamo masomo ni Kifransa na Kilatini. Zile lugha nne zilikwenda wapi? Mwandishi anajua kutueleza maana ya jambo hilo kwa Afrika nzima. Lakini usiku wa kwanza, katika chumba kikubwa cha vitanda, mtoto yule aliota kwa lugha gani? Katika kurasa tulizosoma, mwenye elimu amesimama mbele ya mtoto na kumficha, kama mtu mrefu anayesimama mbele yako wakati wa maandamano ya Sakramenti. Unajua kwamba mtoto yuko pale nyuma. Unaona kichwa chake mara moja moja.

Na kitabu kimeandikwa kwa Kifransa, Kifransa kigumu. Kidonda cha lugha kinaelezwa kwa lugha iliyokitia. Tunasema hivi bila ukali. Mtu anaandika kwa lugha anayoitawala, na gazeti dogo kama letu lisingemlipa mkate wake. Lakini tumeona kwa macho yetu tofauti. Tulipokuwa tunasoma Kifransa, wazee walisikiliza kwa heshima, mikono juu ya magoti. Tulipofika kusema jambo lile lile kwa Kiswahili, walianza kuongea wao wenyewe, hata ikawa vigumu kuwarudisha katika kitabu.

Kabla ya kuendelea, lazima tuijibu sauti moja ambayo tunaisikia tayari. Wengine watasema: “Ninyi mnataka kutia matope nyumba iliyowalea. Nani alimlazimisha mzee wa Likasi kumtoa mwanawe? Alikubali, tena kwa furaha.” Ni kweli, na hatutaki kusahau. Wengi walikula vizuri kule kuliko nyumbani, walijifunza, walipata marafiki wa maisha yote, na wengine walipata Mungu. Bila nyumba hizo Stefano Kaoze asingepewa upadri kule Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo yote. Lakini tulitazame neno hili, kukubali. Tangu mwaka 1928 hivi Union Minière ilianza kuwakalisha wafanyakazi wake na wake zao na watoto wao kambini. Nyumba ilikuwa ya kampuni, posho ya kampuni, hospitali ya kampuni, na masomo yalikuwa ya kampuni mikononi mwa mapadri. Padri akija nyumbani kusema kwamba mtoto ana akili na anafaa kwa seminari, baba alikuwa na uhuru wa kukataa, lakini uhuru ule haukuwa mkubwa. Na mama? Mama aliulizwa na nani?

Hana alikwenda mwenyewe hekaluni, kwa nadhiri yake mwenyewe, na kila mwaka alirudi. Mama wa kambi ya Likasi alikuwa katikati: alitoa, lakini hatujui alitoa kiasi gani na alipokonywa kiasi gani. Na wako mama wengine ambao hawakutoa kitu chochote. Wao ndio wametufanya turudi kusoma tena.

Katika Kongo ya Wabelgiji, watoto wa mama Mweusi na baba Mzungu walikuwa jambo la hofu kwa serikali. Baba wengi hawakuwaandikisha. Watoto walikaa kwa mama zao, vijijini, kama watoto wengine. Serikali ikaona kwamba mtoto wa metisi hafai kubaki kule. Watumishi wake waliagizwa kuwatafuta na kuwaondoa, nao wakawapeleka katika misioni, mara nyingi mbali sana na nyumbani. Moja ya misioni hizo ilikuwa Katende, katika Kasai, kwa masista wa Mtakatifu Visenti wa Paulo. Nyingine ilikuwa Save katika Rwanda, na karibu watoto 300 wa Save walipelekwa mpaka Ubelgiji wakati Uhuru ulipokaribia, wakagawanywa katika familia na nyumba za watoto. Wengine walibadilishwa majina, wengine tarehe za kuzaliwa. Waliitwa watoto wa dhambi. Neno hilo halikutoka kwa serikali, lilitoka kwetu.

Watano kati ya watoto wa Katende, wote wamepita miaka sabini, waliishitaki serikali ya Ubelgiji mwaka 2020: Monique Bitu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Simone Ngalula, Marie-José Loshi na Noëlle Verbeken. Wote waliondolewa kwa mama zao kabla ya kutimiza miaka saba. Katika machafuko baada ya Uhuru masista waliondolewa Katende, na wasichana wengine wakaachwa nyuma bila mlinzi. Ni mara ya pili kuachwa. Mwaka 2021 tribinali ya kwanza iliwakatalia, ikisema kwamba siku zile jambo hilo halikuhesabiwa kuwa jinai. Tarehe 2 Desemba 2024 tribinali ya rufani ya Bruxelles ikaigeuza hukumu. Ikasema kwamba serikali ilikuwa na mpango wa kuwatafuta na kuwateka watoto waliozaliwa na mama Mweusi na baba Mzungu, kwa sababu ya asili yao tu, na kwamba ni jinai juu ya ubinadamu. Kila mmoja wa wale mama watano akapewa euro 50.000.

Tuliiweka hukumu hiyo kando ya kitabu cha Mudimbe, tukashangaa. Kwa mtindo haina uzuri wowote, ni maandishi ya mahakimu. Lakini inafanya kazi moja ambayo kitabu kizuri hakikuifanya: inarudisha maneno mahali pake. Tazameni historia ya maneno hayo. Amri za mwaka 1890 na 1892, wakati wa Leopold wa Pili, ziliruhusu serikali kuwa mlezi wa watoto walioachwa na mayatima. Neno lilikuwa “ulezi”, neno jema. Tume ya uchunguzi ya miaka 1904 na 1905 ilikuta kwamba wengi wa watoto walioitwa mayatima katika mashamba ya wamisionari hawakuwa mayatima kwa namna watu wa nchi walivyofahamu. Namna gani mtoto awe yatima kama ana mama mkubwa na mama mdogo, ana mjomba, ana nyanya? Kwa wazee wetu hapakuwa na mtoto wa hakuna mtu. Ilibidi neno la Kizungu liingie kwanza ndipo mtoto awe wa hakuna mtu, na akiwa wa hakuna mtu, anaweza kuchukuliwa, na anayemchukua anafanya tendo la huruma. Miaka zaidi ya hamsini watu waliandika “ulezi” na “kuachwa”. Mahakimu wa Bruxelles wameandika “kutekwa”. Sisi tunaoandika katika magazeti ya kanisa tungepaswa kujifunza kwao. Fungueni vitabu vidogo vya yubile za misioni zetu, mtakuta hesabu: wabatizwa wangapi, matofali mangapi, mapadri wangapi walitoka. Mtoto hana mdomo mle. Mama hana hata jina.

Lakini hukumu nayo ina upungufu, na msomaji wa seminari asifurahi haraka. Iliyoshitakiwa ilikuwa serikali peke yake. Masista hawakusimama mbele ya mahakimu, wala askofu yeyote. Mtu anaweza kuifunga hukumu na kusema: “Basi, ilikuwa kosa la Bula Matari.” Nani aliyefungua mlango wa nyumba mtoto alipoletwa? Nani aliyempa jina lile la dhambi? Maaskofu wa Ubelgiji wenyewe waliomba msamaha mwezi wa Aprili 2017, katika Senati ya Bruxelles, kwa kinywa cha askofu Johan Bonny. Waziri mkuu Charles Michel akafuata kwa jina la serikali tarehe 4 Aprili 2019. Tunaona vizuri nani alitangulia, na tunashukuru. Lakini kuomba msamaha Bruxelles hakumwondolei katekista wa Kasai au wa Lualaba kazi yake.

Mudimbe anarudi hapa kwa mlango mwingine. Mwaka 1989, miaka mitano kabla ya kuandika juu yake mwenyewe, alitoa hadithi inayoitwa Shaba deux. Ni daftari la Mama Marie-Gertrude, sista Mfransisko, mtoto wa nchi, katika konventi hapa Kolwezi mwaka 1978. Hatuna haja ya kuwasimulia wasomaji wetu siku zile: tarehe 13 Mei askari wa FNLC waliingia mjini kutoka Angola, tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka. Familia nyingi za Manika na za mitaa mingine bado zina mtu wa kumlilia. Katika hadithi, masista Wazungu wanaondoka na Marie-Gertrude anabaki na nyumba mikononi. Ni mwanamke aliyefundishwa kwamba konventi ndiyo familia yake, na sasa familia hiyo imepanda ndege. Nje ya ukuta watu wake wanamwuliza yeye ni wa nani.

Kwa maoni yetu hadithi hii fupi ni bora kuliko kitabu kikubwa. Sista anaandika usiku, kidogo kidogo, juu ya chakula, juu ya sala, juu ya woga. Hana wanafilosofia wa kumkinga. Jambo ambalo Mudimbe hakuweza kulisema kwa mdomo wake, au hakutaka, amelisema kwa mdomo wa sista: kwamba mtu aliyelelewa na nyumba anaweza kuipenda kweli, na nyumba ikamwacha hata hivyo, na upendo wake usiwe uongo kwa sababu hiyo. Tungependa kuwa na hakika kwamba profesa aliposoma tena daftari lile aliona kwamba lilikuwa lake. Hatuwezi kumwuliza tena.

Juu ya kupona, basi. Watu wa Kanada wametangulia katika njia hii, nao wamelipa sana. Kule zaidi ya watoto 150.000 wa wenyeji wa kwanza walipitishwa katika shule za kulala kule kule, sehemu kubwa mikononi mwa mashirika ya Kikatoliki, ili wasahau lugha na desturi za baba zao. Tume yao ya Ukweli ilifanya kazi mpaka mwaka 2015, ikasikiliza mashahidi zaidi ya 6.500. Tarehe 25 Julai 2022 Papa Fransisko alikwenda Maskwacis kuomba msamaha mahali penyewe. Watoto wa seminari ndogo za Lualaba hawakutendewa vile, na ni kosa kuchanganya kila kitu katika chungu kimoja. Ila tunatwaa kutoka kwao jambo moja la kazi. Mashahidi wale hawakuandika kila mtu kitabu chumbani mwake. Waliketi na watu, wengine pamoja na watoto wao waliozaliwa baadaye na ambao hawakuwa wamepata kuelewa kwa nini baba yao hakujua kuwakumbatia. Mtu alisema, na mtu alisikia. Les corps glorieux ni kitabu cha mtu aliyejiponya peke yake, kwa maneno, kwa nguvu ya ajabu. Ni nani mwingine ana nguvu hiyo? Wale mama watano walipona, kadiri walivyopona, kwa kwenda pamoja.

Kuna mambo mawili ambayo wasomaji wetu wanaweza kuyafanya bila kungoja amri ya juu. La kwanza ni la maparokia. Metisi waliochukuliwa na watoto wao wanatafuta mama zao mpaka leo, na mara nyingi karatasi pekee iliyobaki ni daftari la ubatizo. Katika daftari lile kuna mahali pa jina la mama. Padri au katekista akipata barua ya namna hiyo, asijibu kwamba madaftari yameliwa na mchwa kabla hajafungua kabati. Na katekista anaweza kuliko askofu, maana yeye anajua kijiji kilichohama na jina lake la zamani, na anajua ukoo gani ulikwenda upande gani.

La pili ni la waseminari. Shaba deux si ndefu. Kijana mwenye Kifransa kizuri angeweza kuigeuza kuwa Kiswahili cha kwetu, kwa ruhusa ya wenye haki, isomwe katika jumuiya ndogo za hapa Kolwezi ambapo mambo yale yalitokea. Les corps glorieux tutaiacha kwa mwenye mabega mapana. Lakini hata kurasa ishirini za mwanzo zingetosha, na atakayejaribu tunamwomba aanze kwa kuamua neno la bustani.

Jioni ya mwisho tulipofunga kitabu, yule mzee wa shamba aliuliza kama bwana huyu ameandika popote mama yake alimpikia nini siku aliporudi likizo. Tulisema kwamba katika kurasa tulizosoma hatukulikuta. Akanyamaza. Halafu akatusimulia habari yake. Mama yake alikuwa akija misioni kila mwaka wakati wa kiangazi, siku mbili kwa miguu, na karanga zilizofungwa katika kitambaa. Hakuruhusiwa kuingia ndani. Walikaa chini ya mwembe, karibu na lango, mpaka kengele. Mwaka wa tatu mama alimsalimu kwa Kisanga, naye, mtoto wa kalasi ya tano, akajibu kwa Kifransa, si kwa kiburi, ila neno lilitoka hivyo. Mama akacheka. Akalisema tena neno lile la Kifransa, vibaya, ili amchekeshe na mtoto. Kisha akafungua kitambaa, akaanza kummenyea karanga moja moja na kumtia mkononi, kama mtu anayemlisha mtoto mdogo, mpaka kengele ikalia.

Mzee alituomba tuandike kwamba zilikuwa karanga za kukaanga, zenye chumvi.